Sura ya Nne: Chuo Kilicho Jirani na Nyumba

Sijui mji mwingine katika Kongo ya mashariki ambamo safari ya kwenda chuo kikuu imefupika kwa ghafla kama ilivyofupika Butembo. Kwani kizazi kimoja tu kilichopita, mzazi wa komini ya Mususa mjini humo aliyetaka mwanawe asome sheria au utabibu alilazimika kumfungia nguo na maharagi, kumtafutia nafasi juu ya lori, kumwombea dua, na kumkabidhi kwa njia ya msitu iendayo Kisangani, ilhali leo mwana wa mzazi wa namna hiyo hunywa chai yake nyumbani, hushuka kilima kwa miguu, na kabla jasho halijamkauka huwa amekwisha keti katika ukumbi wa mhadhara. Watu huiita hali hii neema, nami siikanushi neema hiyo. Lakini ukaribu nao una taabu yake, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayelala kwao anayo kazi moja nzito ambayo baba yake aliyesomea mbali hakupata kuifanya, kwa sababu barabara ilimfanyia.

Ili msomaji aielewe kazi hiyo, yafaa kwanza akumbuke masafa yalivyokuwa. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, cha Elisabethville kikafuata mwaka 1956, na Waprotestanti wakaanzisha chao Stanleyville mwaka 1963, miji ambayo sasa twaijua kwa majina ya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Hesabu inayotajwa sana ya Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, haifiki 30 katika nchi nzima. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo hivyo vyote kuwa chuo kimoja cha taifa, mwaka ule ule ambao wanafunzi wa Lovanium waliothubutu kuandamana walitiwa jeshini kwa nguvu; na mwaka 1981 chuo hicho kikagawanywa tena kuwa vitatu. Katika mabadiliko hayo yote kijana wa Butembo au Beni hakusogezewa elimu hata hatua moja. Kisangani, iliyokuwa ndiyo karibu, ilikuwa mwendo wa zaidi ya kilomita 700 kupita Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, nayo masika yakishika, lori lilizama katika tope siku nyingi, na abiria wakajifunza kupika kando ya njia.

Mlango ulifunguka mwaka 1989, serikali ilipokubali kwamba watu na madhehebu ya dini nao waweza kuasisi vyuo vikuu, na mwaka huo huo jimbo la Kikatoliki la Butembo-Beni, chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, likaanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichopewa jina la lile bonde kubwa la ufa lililoko mashariki ya milima hii. Askofu huyu, aliyeliongoza jimbo tangu 1966 mpaka alipopelekwa Bukavu kuwa askofu mkuu mwaka 1997, aliona mapema kwamba watu wanaoishi mbali na Kinshasa kiasi hiki wakingoja kila kitu kitoke Kinshasa watangoja mpaka wazeeke. Baada ya hapo vyuo viliongezeka kwa kasi: cha Waasumptio na Chuo Kikuu Rasmi cha Ruwenzori mjini Butembo, cha Waadventista huko Lukanga, na mjini Beni, mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, na kando ya hivyo taasisi za ualimu, za biashara, za kilimo na za uuguzi. Hivi sasa kijana wa komini ya Mususa, mojawapo ya komini nne za mji pamoja na Bulengera, Kimemi na Vulamba, aweza kusoma mpaka shahada bila kuondoa godoro lake mahali lilipolala tangu utoto wake.

Na hapo ndipo mashaka yanapoanzia.

Wahenga wetu Wanande hawakuamini kwamba mtu hugeuka kuwa mwingine akiwa amekaa pale pale alipokuwa. Walikuwa na olusumba, jando iliyowatoa vijana vijijini na kuwaweka msituni mbali na mama zao, na aliyerejea hakuruhusiwa kurejea kuwa yule aliyekwenda. Arnold van Gennep, aliyeandika mwaka 1909 kitabu juu ya ada za namna hii katika mataifa mbalimbali, aliona kwamba nyingi zina hatua tatu: kutengwa, kukaa kati kwa kati bila cheo, na hatimaye kupokewa upya. Nao wanazuoni wa Kiislamu, kabla yake kwa karne nyingi, waliifanya rihla, yaani safari ya kumfuata mwalimu katika mji wake, kuwa sehemu ya elimu yenyewe. Ibn Khaldun katika Mukadima yake ameisifu safari hiyo, kwa kuwa mtu hushika zaidi lile alilolipokea uso kwa uso, na kwa kuwa kukutana na walimu wengi humfumbua macho akatofautisha elimu na istilahi za mwalimu mmoja. Barabara ya Kisangani, pamoja na tope lake lote, ilikuwa rihla na jando kwa pamoja. Iliwatenga vijana na nyumba zao pasipo kuwataka idhini, na walipofika walikuwa wameshakuwa wageni, na mgeni hana budi kutafuta rafiki, kujifunza desturi, na kujipangia siku yake.

Anayekaa Mususa hatengwi na chochote. Amefaulu mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ule ulioanza mwaka 1967 na ambao matokeo yake nchi nzima huyangoja kwa roho juu. Habari ilipofika, ndugu na jirani wamemmiminia poda kichwani mpaka nyusi zikawa nyeupe kama za mzee, wamemtembeza barabarani kwa vigelegele na honi za pikipiki, na kwa muda wa siku moja amekuwa mkubwa kuliko watu wote wa nyumba yake. Poda hiyo huoshwa jioni. Miezi michache baadaye, asubuhi ya kwanza ya masomo, mtu huyo huyo anaamshwa na sauti ile ile iliyomwamsha alipokuwa darasa la tatu, naye akiwa ameshika kalamu anaambiwa, "Kambale, enda kwanza utafute maji; ile kitabu itakungoja." Anakwenda. Atakataaje? Hakuna aliyemdhulumu, wala aliyemwagiza hana nia mbaya. Mama ana kibanda chake sokoni, wadogo wanataka kwenda shule, na nyumba haina habari kwamba mmoja wa watu wake amebadilika.

Na kwa binti jambo hili ni zito maradufu, tena nasema bila kuogopa kuwaudhi akina baba wenzangu. Kaka yake akisema ana mtihani, watu hushusha sauti. Yeye akisema ana mtihani, huulizwa kama sombe imekwisha twangwa. Nimesikia wazazi wakilalamika kwamba wasichana huanza chuo kwa bidii kisha hulegea kadiri mwaka unavyokwenda, na kila mara nimetamani kumwomba mzazi wa namna hiyo aketi siku moja jikoni mwake mwenyewe, tangu mbabula inapowashwa mpaka inapozimwa, ahesabu ni nani aliyesimama na ni nani aliyekaa.

Basi kijana anatoka nyumbani anakojulikana mno, anaingia ukumbini asikojulikana kabisa, na tofauti ya hali hizi mbili, ambayo msafiri wa zamani aliionja mara moja tu, yeye huionja kila siku, asubuhi akienda na jioni akirudi. Jambo moja dogo lionyeshe maana yangu. Kwetu jina ni daraja: mwana wa kiume wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na binti wa kwanza ni Masika, hata mgeni akitajiwa jina lako hujua papo hapo umezaliwa baada ya wangapi na ni nani wa kukutuma. Sasa mhadhiri aliyetoka mbali anafungua orodha yake na kuita "Kambale", na safu nzima inaitika. Ukumbi unacheka, yeye anatazama juu ya miwani asielewe, anaita jina la pili, kisha la tatu, mwisho anasoma namba. Jina ambalo nyumbani lilimwekea kijana mahali pake, kwenye karatasi ya ukutani limejaza nusu ukurasa, naye anapitisha kidole taratibu, Kambale baada ya Kambale, akijitafuta. Wako wanaoona hilo ni jambo la kuchekesha. Wengine, nami nawafahamu, limewatia baridi moyoni, kwa sababu ni mara ya kwanza maishani mwao kuwa mtu asiye na daraja lolote.

Nawaambia vijana wa namna hiyo kwamba baridi hiyo ni ya heri. Asiye na daraja ana ruhusa ya kujitafutia. Na katika ukumbi ule, wa kwanza kuketi mbele, wa kwanza kuuliza swali bila kuona haya, wa kwanza kumwendea msaidizi wa profesa baada ya somo, hujulikana kabla ya mwezi kwisha, awe wa ngapi kuzaliwa.

Lakini kuna hesabu nyingine inayotaka kuzingatiwa. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vimeingia katika utaratibu mpya wa shahada tatu, ambao mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza haitwi tena kwa lile jina la kale la G1, bali L1. Kila mwaka huhesabiwa krediti 60, na shahada ya kwanza hutimia kwa krediti 180. Wengi wamefahamu jambo hili kama kubadilishwa kwa majina ya vyeti tu, nao wamekosea. Kwani krediti haipimi saa za kumsikiliza mwalimu peke yake, hupima pia saa ambazo mwanafunzi atasoma peke yake, atafanya mazoezi, ataandika. Kwa maneno mengine, sheria yenyewe ya masomo sasa inadhani kwamba kila mwanafunzi anayo meza, taa na faragha. Katika nyumba ya vyumba vitatu, yenye watu tisa na redio moja, saa hizo za faragha zitachimbuliwa wapi? Hili ndilo swali la mwaka wa kwanza, na mengine yote ni matawi yake.

Ajabu ni kwamba yule mwenzake aliyetoka Kyondo au Masereka, aliyepanga chumba kidogo pamoja na wengine wawili, analala juu ya mkeka na kula maharagi yasiyo na mafuta, mara nyingi huwa amelijibu swali hili kabla ya mwenye mji. Hana wa kumtuma. Hana sebule ya wageni ambao lazima wasalimiwe na kukaliwa nao. Upweke wake ni mchungu, hasa Jumapili jioni, wakati ambapo kwao familia nzima imekusanyika na yeye anasikiliza mvua juu ya bati. Ila saa zake ni zake, na akizipoteza huwa amezipoteza mwenyewe. Wazazi wa mjini humhurumia kijana huyu na kumpelekea viazi, na hufanya vyema. Mimi humhurumia zaidi yule wa kwao, aliyeshiba, ambaye kila mtu anadhani hana shida.

Nisije nikaeleweka kwamba nawashauri vijana wakimbie nyumba zao. Mwamerika mmoja, Vincent Tinto, aliyefanya uchunguzi mwingi juu ya sababu zinazowafanya wanafunzi waache vyuo, na kuutolea kitabu mwaka 1987, alizichukua zile hatua tatu za van Gennep na kuzileta chuoni: mwanafunzi, alisema, hutengana kwanza na jamii ya nyuma, kisha hupita, kisha huungana na jamii mpya. Wenziwe walimpinga kwa hoja yenye nguvu, kwamba kijana wa watu walio wachache au wanyonge, akiambiwa aiache jamii yake ili apate elimu, anatakiwa kulipa bei ambayo mwana wa tajiri hadaiwi. Na kwamba kwa wengi, nyumba na kanisa na ukoo ndivyo vinavyowashikilia wasianguke. Tinto mwenyewe alikuja kuilegeza kauli yake. Nami nikizitazama familia za Butembo naona pande zote mbili zina haki: asiyejitenga hata kidogo hasomi, na aliyejitenga kabisa hana atakayemlipia.

Kinachowezekana, basi, ni mapatano. Kijana akae na wazazi wake mapema, kabla ya mwezi wa kwanza kwisha, wala si siku ya ugomvi, awaeleze kwa adabu kwamba kuna saa fulani ambazo atahesabiwa kuwa hayupo nyumbani hata kama yupo, na kwamba katika saa nyingine atachota maji, atafagia na atakaa dukani bila kununa. Mzazi wa Kinande, ambaye aghalabu ni mfanyabiashara au ameolewa na mfanyabiashara, anaelewa mkataba vizuri kuliko anavyoelewa malalamiko. Penye mtoto mmoja anayejua kuzungumza hivi, nimeona baba wakizima redio. Penye kijana anayejifungia chumbani na kufyonya, nimeona wakiongeza sauti. Na mahali ambapo nyumba ni finyu mno, ukumbi wa chuo baada ya masomo, kabla mlinzi hajafunga, ni bora kuliko kitanda. Kadhalika vyumba vya parokia, ambavyo maparoko wengi huwafungulia wasomi wakiombwa kwa heshima.

Juu ya masomo yenyewe nitasema machache, kwa kuwa kila kitivo kina mambo yake. Liko jambo moja lakini linalowaangusha wengi, nalo ni mwendo wa wahadhiri wageni. Vyuo vyetu ni vichanga na maprofesa waliotimia ni wachache, hivyo masomo mengi hufundishwa na watu wanaotoka Kinshasa, Kisangani au ng'ambo ya mipaka, wanaokuja kwa siku zilizohesabiwa. Somo la saa 45 au 60, ambalo kwingine lingetandazwa miezi mitatu, hapa laweza kukazwa katika juma moja au mawili, asubuhi hadi jioni, profesa akisema na mikono ya wanafunzi ikiandika mpaka vidole vinakakamaa. Kisha anapanda ndege au gari, na nyuma yake inabaki silabusi ya kununua na tarehe ya mtihani. Mwanafunzi aliyezoea sekondari, ambako mwalimu alirudia jambo hadi wa mwisho aelewe, hungoja marudio yasiyokuja. Aliyekosa siku mbili kwa homa amekosa robo ya somo. Dawa yake si kuandika haraka zaidi. Ni kuwa na wenzake watatu au wanne ambao kila jioni ya juma lile huketi pamoja, wakalinganisha daftari, wakajaza mapengo, wakagombana juu ya maana.

Na katika kugombana huko, wagombane kwa lugha waijuayo. Mtoto wetu huamka kwa Kinande, hununua na kuuza kwa Kiswahili, husoma na kujibu mtihani kwa Kifaransa, na aliyekwenda Beni kwenye chuo cha lugha mbili huongezewa Kiingereza juu yake. Mzigo ambao vijana wengi wa Ulaya hawajaubeba, na ambao hakuna anayewapongeza wetu kwa kuubeba. Tatizo ni kwamba Kifaransa cha ukumbini chaweza kukaririwa chote bila kueleweka hata sentensi moja. Nimemsikia kijana wa uchumi akitoa maelezo marefu ya mfumuko wa bei, maneno yakipangana vizuri sana, lakini nilipomwomba amweleze bibi yake kwa nini elfu kumi za mwaka juzi hazinunui leo ndoo ile ile ya maharagi, akanyamaza. Bibi akamweleza yeye. Somo ambalo huwezi kulieleza mbabulani kwa Kiswahili au Kinande hujalipata bado, na ni heri ulijue hilo nyumbani kuliko mbele ya watahini.

Fedha nayo haikosi kutajwa, kwani katika mwaka wa kwanza ndipo kijana anapogundua bei ya masomo. Minervali huhesabiwa kwa dola na kulipwa kwa mafungu, na fungu la mwisho lina tabia ya kudaiwa pale pale mtihani unapokaribia. Asiyelipa hutolewa nje mbele ya wenzake, akapita kati ya viti akiwa amekumbatia begi lake, na fedheha hiyo nimeona ikiwaharibia watu mtihani hata walipolipiwa kesho yake. Fedha hizo hutoka katika kakao na kahawa ya Beni, katika viazi na maharagi ya Lubero, katika vitenge na bati na vipuri vya pikipiki vinavyopitia mpaka wa Kasindi, katika likelemba ya akina mama ambao kila wiki hukabidhiana kwa zamu kile walichochanga. Yafaa kijana ajue ni lipi kati ya hayo linalomlipia, na ni mwezi gani huingiza fedha na mwezi gani ni mkavu, ili aende kwa mhasibu wa chuo mapema kuomba muda, akiwa na tarehe kamili mkononi. Wahasibu ni wagumu kwa wanaojificha. Kwa anayekuja mwenyewe hulainika kuliko anavyodhani.

Hayo ni ya nyakati za salama, na nyakati za salama zimekuwa adimu hapa. Tangu Oktoba 2014 mauaji yameiandama Beni na viunga vyake, wakulima wakaogopa kwenda kuvuna kakao yao wenyewe, na kwa hiyo ada ya mtoto ikakatika mashambani kabla hata haijafika mjini. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina karibu na Beni, nayo haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua zaidi ya watu 2,200. Na katika muda huo, tarehe 19 Aprili 2019, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo na kumpiga risasi Dakta Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa amekuja kutibu watu wasiomjua. Walioanza utabibu katika miaka ile walijifunza kunawa mikono na kutopeana salamu kabla ya kujifunza majina ya mifupa, na baadhi yao walipaswa kuwatetea wauguzi mbele ya jamaa zao wenyewe, waliosema ugonjwa huo ni biashara ya wageni. Sina hakika kama yuko mwalimu yeyote angaliweza kuwafundisha zaidi juu ya kile daktari anachodaiwa na watu wake.

Kisha vita vikapanda kutoka kusini. Kanyabayonga ilipotekwa mwishoni mwa Juni 2024, na Goma yenyewe Januari 2025, barabara ya taifa namba 2 ilijaa watu waliobeba magodoro kuja juu, Lubero na Butembo, na kati yao wamo vijana waliokuwa wameanza mwaka wa kwanza mahali pengine au waliokuwa wakijitayarisha kuuanza. Hawa siwezi kuwahubiria habari ya kujitenga. Wametengwa wakatosheka. Shida yao ni kinyume cha ile ya mwenyeji wa Mususa, kwani saa za peke yao wanazo nyingi mno, na zimejaa mawazo. Vyeti vya wengine vimebaki kwenye kabati ambayo hawajui sasa inafunguliwa na nani, na wazazi wako upande wa pili wa mstari wa vita, ambako hata simu haifiki kila siku. Kwao nasaha zote za juu zigeuzwe: wasitafute chumba cha faragha, watafute nyumba yenye kelele, jamaa au mtu wa kanisani ambaye atawaita kwa jina, atawatuma maji, atawauliza wamechelewa wapi. Kuhusu vyeti, waende kwa msajili wa chuo mara wanapofika, na karatasi yoyote waliyonayo, hata picha ya cheti iliyo ndani ya simu, wakaombe kwa maandishi waandikishwe kwa masharti, wakabaki na nakala ya barua yenye muhuri wa mapokezi. Maana ahadi ya mdomo iliyotolewa mwezi wa kwanza husahauliwa mwezi wa mitihani.

Na yule mwenyeji, akitaka mtu wa kukaa naye jioni kulinganisha daftari, aanze na hao. Nyumba tatu nizijuazo zilimwongeza kijana wa namna hiyo mezani, na katika mbili kati yake redio sasa huzimwa saa moja usiku, jambo ambalo mtoto wa nyumba mwenyewe alikuwa ameliomba tangu zamani asilipate. Baba mmoja aliniambia kwamba haifai mgeni asome nao wao wanapiga makelele, na mama, aliyekuwa akichambua maharagi, alimtazama mumewe, akamtazama mwanawe, asiseme kitu.